Rangi ya Makali

Maseremala walimwita Mama Fuawe, kwa lile pande la chuma alilofulia, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Uhunzi aliurithi kwa baba yake, na kwa miaka thelathini na sita hakuna aliyewahi kumrudishia patasi.

Kisha zikaanza kurudi. Asubuhi moja seremala wa mtaa wa pili aliingia karakanani na patasi iliyokatika ncha.

"Mama, sikuja kugomba," alisema. "Lakini kipande kiliruka kikanipita hapa." Akagusa kando ya jicho.

Mama Fuawe aliipokea patasi pamoja na kile kipande. Hiyo ilikuwa ya tatu mwezi ule. Watu walimwambia chuma cha siku hizi ni takataka, naye alitamani sana kuwaamini, ila moyo ulikataa. Akakichukua kipande akampelekea binti wa kaka yake, mpimaji wa vyuma katika maabara ya chuo.

Binti alikisugua kikang'aa, akakipima ugumu. "Shangazi, chuma hakina kosa. Ila kimekuwa kigumu kupita kiasi, kama kioo."

"Mbona nimekifanya vilevile siku zote?"

"Ukikitosa majini kikiwa chekundu, chembe za kaboni zinanaswa katikati ya chembe za chuma. Zinakazana, hakuna safu inayoweza kuteleza. Ukigonga, badala ya kupinda kidogo, kinapasuka. Ukikipasha tena polepole, kaboni inapata pa kusogea na mkazo unapungua. Hiki hakikupashwa vya kutosha."

"Baba alisema chuma kikitoka majini kina hasira, kibembeleze. Nyie mmeongeza maneno tu."

Binti akacheka. "Haya, nionyeshe unavyokibembeleza."

Karakanani, Mama Fuawe alichukua patasi iliyokwisha kutoswa, akaisugua hadi ikang'aa, akaishikilia karibu na makaa. Makali yakigeuka rangi ya majani makavu, ndipo huizamisha tena majini. Haukupita muda akainyanyua. "Hiyo, tayari!"

Binti alimdaka mkono. "Bado nyeupe pee, shangazi."

"Acha utani wako."

"Haya, ukuta ule una rangi gani?"

"Manjano. Manjano hafifu."

"Ni chokaa. Niliupaka mwenyewe mwezi uliopita."

Mama Fuawe aliiweka patasi chini, akakaa kwenye kigoda. Alikitazama kiganja chake kama anayekikagua. "Kumbe nimekuwa nikiwapa watu silaha za kujiumizia," alisema.

Daktari alikuta mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Ukungu ule ulikuwa umeipaka dunia yake manjano kidogo kidogo, hata asishtuke. Alipokwisha kufanyiwa upasuaji na kufunguliwa bandeji ya jicho la pili, alimtazama muuguzi akaangua kicheko. "Mbona unang'aa hivyo?"

Aliporudi kazini aliwaomba maseremala warudishe kila patasi aliyowatengenezea katika miaka miwili iliyopita. Hakuhitaji kufua mpya. Zilitaka kupashwa tu, kwa macho yanayoona. Akaanza na ya yule seremala, akiwa ameshainoa upya, binti wa kaka yake akiwa kando. Manjano yakatanda, yakaiva kuwa kahawia, kisha zambarau, kisha buluu safi ikatambaa hadi kwenye ncha. Mama Fuawe alikuwa amesimama tu, mdomo wazi; buluu kama ile hakuwa ameiona kwa miaka.

"Shangazi, imepitiliza!"

"Najua," alisema, bila kuiondolea macho. "Hii imelegea, imeharibika kabisa. Nitaianza upya."