Bomba la Inchi Tatu

Asubuhi ile niliwasha gari pale Rahaleo bila kujua niendako. Nilitaka tu kulisikia. Jana yake fundi mmoja wa Magomeni, mtaa wa jirani, ambaye siku nyingine huchomelea mageti na vitanda, alikuwa ametoa ekzosi nyembamba iliyokuja na gari kutoka kiwandani na kuweka bomba la inchi tatu.

"Turbo inazungushwa na moshi," alinieleza akiwa amelala chini ya gari. "Moshi ukikosa njia ya kutokea, turbo inachoka. Wewe ukizibwa pua utakimbia?"

Shule niliiacha mapema, lakini somo hilo lilinikaa. Nilimuuliza maswali mpaka akaniomba nikamnunulie maji ili apumzike.

Kupima kama viungo vinavuja, alichonga muhogo mbichi kwa panga, akauchomeka kwenye mdomo wa bomba kuzuia moshi, kisha akaniambia niwashe. Palipovuja palipiga mluzi, akapachomelea tena. Mwisho akauchomoa muhogo na kuwatupia mbuzi. Hakuna kati yetu aliyeangalia kama umetoka mzima.

Basi nikashika barabara ya Msimbati, kijiji cha pwani, kwa sababu sikuwahi kufika na nilisikia mchanga wake unapima injini. Kwenye lami nilikanyaga mafuta, gari likakohoa. Nikakanyaga zaidi, likazidi kulegea. Nikaogopa. Gari lile ndilo lilikuwa mali yangu yote, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nikilala kiti cha nyuma. Likifa, nimepoteza usafiri na nyumba kwa mpigo.

Mtu mwenye akili angerudi Magomeni. Mimi nilijiambia bomba jipya linahitaji muda wa kuzoeana na injini.

Njiani kulikuwa na harufu nzuri ya muhogo wa kuchoma. Nilidhani ni chai ya asubuhi ya wenye nyumba za kando ya barabara. Nyumba zikaisha, ikabaki mikorosho mitupu, na harufu bado ipo.

Msimbati nilinasa kwenye mchanga mbele ya uwanja wa mama mmoja aliyekuwa akianika makopa ya muhogo juu ya mkeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unauza muhogo?"

"Hapana. Gari limekosa nguvu."

"Mbona linanukia chakula? Tena kinaungua."

Alizunguka nyuma, akainama, akanusa bomba kama anayenusa chungu. Tulisubiri lipoe, kisha akaleta chuma anachochokolea makaa, akachokonoa huku akininunia. Kikatoka kipande cheusi cha muhogo. Alikivunja, ndani kilikuwa cheupe.

"Umeiva," alisema. "Ila hamkutia chumvi."

Nikawasha. Sauti ikatoka nene, kuku wakatawanyika, na nilipokanyaga mafuta turbo ikaitika, gari likapanda kutoka mchangani kana kwamba linasukumwa na watu kumi. Fundi wangu hakunidanganya. Nikaenda mpaka mwisho wa kijiji na kurudi, nikicheka peke yangu.

Nikamkuta yule mama amesimama katikati ya njia, mkono juu.

"Limepona, sasa lizime. Mume wangu kakesha baharini, ndiyo kwanza analala."

Nikazima. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna pa kulala wageni.

"Chumba kipo hapa kwangu. Lakini hilo litalala kule kwenye minazi, na kesho ukiondoka utalisukuma mpaka upite nyumba ya mwisho."

"Kwenye mchanga huu, mama?"

"Si lina nguvu?"

"Lenyewe linazo. Mimi ndiye sina."

"Basi utakula muhogo. Huu una chumvi."

Niliingiza begi langu. Kitanda kilikuwa cha kamba, na baada ya wiki zote zile nikanyoosha miguu yote miwili.