Uzito Niliopanda Nao Newala

Nilipanda Newala kwa sababu ya ngiri. Nalisema hili mapema, msomaji asije akadhani kwamba mjane wa miaka hamsini na mitatu, mbangua korosho wa Masasi, alifunga safari kwenda kutafuta kiuno. Kiuno changu kiliondoka nilipomzaa Salma na wala sikukisindikiza. Lakini kitovuni palikuwa na uvimbe kama chungwa, ukirudi ndani nikilala na kutoka nikisimama. Daktari wa Masasi aliubonyeza akaniambia kweupe kwamba utumbo ukinaswa humo nitapasuliwa kwa dharura, na kwa unene wangu na presha yangu dharura hiyo inaweza kuniua. Kunipasua mapema nako alikataa.

"Mama Salma, una kilo mia na kumi," alisema. "Nikikushona leo nyuzi hazitashika. Shuka hadi mia, halafu tuzungumze."

Kupungua kwetu si jambo la kupongezwa. Mwanamke akinenepa huambiwa katunzwa. Akikonda huulizwa anaumwa nini, na asipojibu watu hujijibia wenyewe. Nikaona nifanye siri. Nilinunua stendi majani ya unga yanayoitwa chai ya kukata tumbo, na kukata yalikata kweli. Siku tatu niliishi chooni, ya nne nikaanguka karibu na jiko. Mficha maradhi kilio humuumbua. Salma, ambaye ni mwalimu na ana mdomo kama wangu, alimwaga yale majani jalalani akanipeleka Newala, kwenye kliniki ya uzito ya Daktari Neema.

Nilitegemea kupewa kidonge. Badala yake walinipima uzito, wakanizungushia futi kamba tumboni, wakanitoboa kidole kuangalia sukari, wakachukua damu na mkojo kuangalia figo. Wakabadilisha dawa yangu ya presha, maana mtu akipungua huku anameza dozi ile ile ya zamani anaweza kuanguka kwa kizunguzungu. Wakanichorea sahani: nusu mboga za majani, robo ugali, robo maharage au samaki. Mwisho nikapewa daftari la kuandika kila ninachokula. Nikawa napanda kila baada ya wiki mbili, na kwa miezi miwili nilipungua kilo sita. Kisha mzani ukakwama kwenye mia moja na nne, na miezi miwili mingine ikapita pale pale. Ndipo tukasikia kwamba madaktari bingwa wa upasuaji watakuja kupiga kambi Newala baada ya wiki tatu. Kuwakosa hao ilikuwa ni kusubiri bila kujua hadi lini, na uvimbe ulikuwa umeanza kuuma hata nikipiga chafya.

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, niliondoka Masasi. Safari hii nilibeba begi la nguo, kwa sababu Daktari Neema alikuwa ameagiza nije nikiwa tayari kukaa. Nilikaa mbele karibu na dereva, khanga nimeikunja na kuikaza tumboni ili barabara isinitikise. Majabali ya Masasi yakabaki nyuma, tukavuka mto Mwiti ambao wakati huo ulikuwa mchanga mtupu, kisha gari likaanza kupanda ukuta wa milima kwa gia ya kwanza. Konda aliniita "mama shibe" kwa nia njema kabisa. Nikamjibu kwamba shibe hiyo ndiyo naipeleka hospitali. Akacheka, akidhani ni utani.

Saa nne nilikuwa Newala. Huko juu kuna upepo hata jua likiwa kali, na ukifika ukingoni unaliona bonde la Ruvuma lote chini yako. Daktari Neema ni binti wa umri wa Salma. Huniamkia shikamoo, nikishaitikia marahaba ananisema.

"Mia moja na nne, mama. Tena."

"Mwanangu, daftari si hilo hapo? Uji bila sukari, ugali kipande, mchicha, dagaa. Wallahi nimeandika yote ninayokula."

"Sijasema unadanganya. Vipimo vyako ni vizuri, figo nzima, sukari haijapanda. Ila kuna kitu kinaingia na hatukioni." Akafunga daftari. "Una ndugu wa karibu hapa?"

Nilikuwa naye. Wifi yangu, Mama Rehema, dada wa marehemu mume wangu, anaishi Kitangari, huko huko upande wa Newala. Daktari akataka nikae kwake wiki tatu, na yeye ndiye aandike, mimi nile tu. Nilikasirika. Mtu mzima nimeapa kwa jina la Mungu, halafu napewa mwandishi kama mtoto wa chekechea! Lakini ngiri haina habari na hasira, nikachukua begi langu.

Alasiri nilifika Kitangari. Mama Rehema ni mwembamba, mkimya, mwenye macho yasiyopitwa na kitu. Alinipokea, akasoma barua niliyopewa na daktari mara mbili, akachukua daftari na kalamu, akavichomeka kwenye mkunjo wa khanga yake. Ugenini kwa Wamakonde kukataa chakula ni kumtukana mwenyeji, nami nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kujitetea. Hayakuhitajika. Alipakua kwa kufuata ile sahani iliyochorwa, kisamvu kingi na ugali wa muhogo kidogo, akaniambia, "Kula, wifi, matusi tutatukanana baadaye."

Kesho yake mchana nilichoka kukaa bure. Uani kulikuwa na korosho zilizokwisha kuchomwa, nikavuta kigoda na jiwe nikaanza kubangua. Hii ndiyo kazi yangu tangu nikiwa mwali na mikono inaifanya yenyewe. Nzima zinaingia kwenye ungo, maana ndizo zinazouzwa. Zinazovunjika hazina mnunuzi, na kwetu tangu enzi za bibi vipande ni haki ya mbanguaji. Unagonga, unachomoa, ikivunjika unatia mdomoni, unagonga nyingine. Mama Rehema alikaa mbele yangu akibangua naye, kikombe cha bati pembeni yake. Tukasimulia habari za watu, wazima na waliokufa, hadi jua likaanza kuinama.

Tulipomaliza akaniwekea kile kikombe mapajani. Kilikuwa kimejaa vipande vya korosho hadi juu.

"Cha nini hiki?" nikauliza.

"Kila ulipotia kipande mdomoni, na mimi nilitia kingine kama hicho humu," alisema. "Nikiandike mchana au jioni?"

"Wifi, korosho si chakula!"

"Ni nini?"

Kwetu korosho ni shamba, ni ada za shule, ni mnada, ni kitu cha kuchezesha meno watu wakipiga soga. Mtu aliyekula kikombe kizima cha korosho akiulizwa kama amekula, atasema bado, nangoja ugali. Mimi nilikuwa nikibangua siku sita kwa wiki. Nikakumbuka kiapo changu mbele ya yule binti na uso ukaniwaka moto. Sikuwa nimemdanganya kwa kukusudia. Hilo lilinipunguzia dhambi, lakini aibu ilibaki pale pale.

Mama Rehema akaandika: "Korosho, kikombe kimoja." Hakucheka. Alicheka siku ya pili, alipohakikisha nimeshapoa.

Daktari Neema tulimpigia simu, akasema kwamba korosho ni chakula kizuri, hajazikataza. Kiganja kimoja kwa siku, kihesabiwe kwenye sahani na kiandikwe. Akaongeza kutembea asubuhi na jioni, kwa sharti moja: nisibebe kitu kizito hata kidogo, ngiri isije ikatoka na kunaswa.

Siku zilizofuata ndizo zilizonitesa, na si kwa njaa. Kitangari maji hufuatwa mbali wakati wa kiangazi, na wanawake huondoka alfajiri na ndoo zao. Njia ya kutembea ilikuwa hiyo hiyo. Basi fikiria: wanawake kumi wanarudi na ndoo kichwani, vikongwe wamo, na mwili wangu mkubwa unakuja nyuma mikono mitupu, unahema. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi hata kopo sikupewa.

"Mama Rehema, huyu mgeni wako ni mkaguzi wa maji?" mmoja aliuliza.

"Anayasindikiza yasipotee," wifi akajibu.

Wakaangua kicheko. Siku mbili nilitembea nimeinamisha kichwa. Ya tatu nikaona upuuzi, nikawaeleza wazi kwamba nina ngiri, kwamba napunguzwa na daktari, na kwamba asiyeamini aje aushike uvimbe. Hakuna aliyeushika. Lakini yule aliyeuliza akanisogelea njiani akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dada yake alifariki kwa utumbo kujikunja, na kwamba nitembee tu, wasinizuie na maneno yao. Nilimshukuru. Kuanzia hapo wakawa wananisubiri mahali penye mchanga mwingi.

Wiki tatu zilipotimia, siku ya Jumanne, nilirudi Newala. Mabingwa walikuwa wameshafika na mabenchi yamejaa. Nesi Bahati, ambaye amenipima tangu siku ya kwanza, alinivusha nyuma ya pazia. Nilivua viatu, nikavua khanga ya juu, nikapanda mzani nikiwa nimebana pumzi, kana kwamba pumzi nayo ina kilo.

Mia moja na moja.

"Shuka, upande tena," alisema. Nikapanda tena. Mia moja na moja.

Nesi Bahati akachungulia nje ya pazia. "Mama Salma, karatasi ya masharti ya huyu bingwa imeandikwa mia. Kilo moja ni nguo na maji uliyokunywa asubuhi. Naandika mia, ukakae kwenye foleni."

Aliongea kwa huruma, na nilitamani sana. Tumbo lilikuwa likiniuma tangu alfajiri. Ulimi wangu ulikuwa tayari kusema ahsante. Lakini miezi miwili nilikuwa nimejaza daftari maneno safi ambayo mwili wangu uliyakataa, na nilichoka kuwa mtu ambaye karatasi yake inasema hivi na tumbo lake linasema vile.

"Andika ulichokiona," nikamwambia.

"Watakurudisha nyumbani."

"Wanirudishe na kilo zangu."

Akaandika. Nikaenda kukaa kwenye benchi, na papo hapo nikajuta. Tusidanganyane, ushujaa wangu ulidumu kutoka kwenye mzani hadi kwenye benchi. Niliogopa kufa. Nilimwona Salma akipigiwa simu katikati ya darasa. Nilijiita mpumbavu mara nyingi kwa muda wa saa mbili, hadi nikaitwa.

Bingwa alikuwa mzee mwenye vidole virefu. Alisoma karatasi, akaubonyeza uvimbe, akauliza presha, akaambiwa vipimo vya zahanati ya Kitangari vinaonyesha imetulia kwa wiki tatu mfululizo. Kisha akalipekua daftari ukurasa kwa ukurasa.

"Hizi korosho ameandika nani?"

"Za mwanzo wifi yangu. Zinazofuata mimi mwenyewe."

Akatikisa kichwa, akaangalia tena ile mia moja na moja. "Kilo moja hainizuii, mama. Ile mia ni ya kutupa mwelekeo. Nilichotaka kukiona ni kama unashuka, na kama presha inakufuata kushuka. Kesho asubuhi. Kuanzia saa sita usiku usile kitu."

"Kitu chochote?"

"Hata korosho," akasema, na Daktari Neema aliyesimama mlangoni akageuza uso ukutani.

Siku ya sita baada ya kupasuliwa nilishuka Masasi, Salma ubavuni, mshono ukiniwasha kila gari lilipofunga breki. Mtaani wakaja kunipa pole, na wawili watatu wakanitazama wakitafuta ugonjwa mwingine. Nikawaonyesha mshono. Siku hizi nimerudi kwenye jiwe langu, nabangua, vipande natia kwenye mkebe wenye kifuniko, na wenzangu wanasema Newala wamenifunza maringo. Waseme tu. Bado napanda kliniki kila mwezi, maana Daktari Neema amenionya kwamba kilo huwa zinaijua njia ya kurudi.

Wanaponiuliza nilijifunza nini huko juu, nawaambia habari za sahani na za kutembea, na nawaambia waachane na majani ya stendi. Hayo yanaweza kumsaidia mtu. Ninachokikumbuka mimi peke yangu ni asubuhi ile, nimelala chali kwenye meza, taa kubwa usoni. Mtaalamu wa dawa ya usingizi, bwana mmoja mwenye miwani, alisimama kichwani pangu akishika bomba la sindano.

"Kilo ngapi huyu?" aliuliza. "Dawa yangu inakwenda kwa kilo."

Nesi akaangalia karatasi, akamsomea kilichoandikwa. Yule bwana akapiga hesabu midomo ikimcheza, akavuta dawa ya mtu wa kilo mia moja na moja, akamdunga mtu wa kilo mia moja na moja. Nikalala. Jioni nikaamka.