Togwa Niliyoichemsha

Mwezi wangu wa kwanza Newala nilimeza dozi ya antibayotiki kwa ajili ya jino, tumbo likaharibika. Daktari akasema ninywe mtindi, lakini mtaani kwetu hata ng'ombe sikuwahi kumwona. Mama mwenye nyumba akaniletea togwa ya mtama iliyochachuka vizuri. Mimi, kwa kuogopa maji yasiyo salama, kila asubuhi nikawa naichemsha kwanza. Tumbo halikutulia. Siku ya nne akanikuta jikoni.

“Mwalimu, unapika nini?”

“Togwa yako, mama. Naua vijidudu.”

Akaepua sufuria. “Hao vijidudu ndio niliokuletea.”

Nami nafundisha baiolojia. Mezani palikuwa na mitihani niliyokwisha kusahihisha, mada bakteria rafiki wa tumbo, na waliokosa nimewaandikia kwa wino mwekundu: soma tena.