Mpiga Ngoma wa Tatu kutoka Kushoto

Mvulana wa tatu kutoka kushoto kwenye ile picha, yule ambaye kofia imemmeza masikio, ni mimi.

Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi na kwa bidii. Kaka yangu huitoa picha hiyo kwenye kila harusi ya ukoo, nami kila mara husema kwamba huyo ni yeye mwenyewe, ila amesahau alivyokuwa mzuri. Yeye huapa kuwa siku hiyo alikuwa kitandani, mashavu yamevimba kwa matubwitubwi. Chuo kikuu niliandika tasnifu nzima kuhusu wanawake wanaoingia katika nafasi za wanaume, nikatafuta mifano hadi ng'ambo, na sikutaja hata kwenye tanbihi kwamba niliwahi kupiga ngoma muhula mzima katika kikosi cha wavulana cha kanisa letu, nikiitika kwa jina la kaka yangu. Yeye alipopona aligundua mpira wa miguu na hakuidai tena nafasi yake.

Ningeendelea kukana hadi kaburini kama si kikosi chetu cha Doha.

Niliombwa niandike historia yake, kwa kuwa watu hudhani anayeandika insha anaweza kuandika chochote. Ni historia fupi. Kikosi kilianzia mtaa wa Muaither, sebuleni kwa muuguzi mmoja Mkenya ambaye ndiye kapteni mpaka leo. Wenzake wa wodini walikuwa na wana wa kiume, na hawakujua wawaache wapi Ijumaa baada ya ibada. Huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu. Sare za kwanza zilishonwa na fundi ambaye hakuelewa maelezo, akaweka vishada vya dhahabu mabegani. Mlinzi wa lango la uwanja wa makanisa, ambamo Wakristo wote wa Doha huabudu, akikagua mifuko yao, akawauliza wavulana wanafanya kazi hoteli gani. Ngoma walijifunzia kwenye mito ya makochi, jirani wa chini asije akampigia simu mwenye nyumba. Ndiyo maana siku walipoigusa ngoma halisi, katika chumba tulichopewa pale kwenye uwanja wa makanisa, mpigo wa kwanza uliwashtua wote, wakaacha kupiga.

Mwanangu, ambaye nyumbani hunijibu kwa mabega, alicheka siku hiyo mpaka akakaa sakafuni. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu tuhamie Al Thumama.

Chumba hicho ndicho kilichotuponza. Madhehebu ni mengi na vyumba ni vichache, kwa hiyo kamati ikatangaza kwamba saa za Ijumaa zitabaki kwa vikundi vinavyotambuliwa na makao yao makuu. Kwaya ya watu wengine ilikuwa tayari inaivizia saa yetu. Makao makuu ya nyumbani yakakubali kutukagua, na kwa bahati mkaguzi wao mmoja alikuwa amekuja kumtembelea bintiye huko Al Wukair. Angetukagua Ijumaa alasiri, kisha jioni apande ndege arudi.

Kanuni tuliijua. Anayefundisha ngoma na gwaride lazima awe amelelewa kikosini, na kapteni aliyemlea amshuhudie. Tulikuwa na mtu wa namna hiyo, Mganda, mlinzi katika duka kubwa, mpole hadi ashike vijiti vya ngoma. Wiki ileile kampuni yake ikambadilishia zamu. Ijumaa zake zikaisha.

Mkaguzi alifika, akaketi mbele na kikombe chake cha chai ya karaki, akawatazama wavulana mistari mitatu, viatu vinang'aa. Akauliza mwalimu wa ngoma yuko wapi. Kapteni wetu akaeleza habari ya zamu, akaongeza kwamba mwalimu anaweza kupigiwa simu wakati wa mapumziko. Mkaguzi akauliza ni nani basi atakayefundisha wiki ijayo.

Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonitisha. Mtu mbaya unaweza kubishana naye. Huyu alisikitika kwa dhati. Alisema bila mwalimu hawezi kuandika kuwa hiki ni kikosi. Hii ni shule ya Jumapili yenye mikanda.

"Ya Ijumaa," sauti ndogo ikamsahihisha kutoka mstari wa nyuma. Hakuna aliyecheka.

Nilimtazama mwanangu. Alikuwa ameshika vijiti vyake sawasawa, lakini mabega yalikuwa yameanza kupanda, yale ninayoyajua ya nyumbani.

"Mimi nimelelewa kikosini," nikasema.

Kapteni akanigeukia taratibu. "Dada, nakuomba. Leo si siku ya mzaha."

"Auntie, kwani ulikuwa boy?" akauliza yuleyule wa nyuma. Mwanangu akafumba macho.

Mkaguzi akaniambia, kwa adabu zote, kwamba kikosi ni cha wavulana. Nikamjibu kuwa najua, na kwamba nilikuwa mmoja wao. Kisha nikaeleza yote, matubwitubwi, kofia, jina la kaka, nikisikia kila sentensi inavyochekesha na hakuna anayecheka. Akauliza kapteni wangu alikuwa nani. Nilipomtaja, akaiweka karaki chini. Kila mtu wa makao makuu anamjua mzee yule. Ndiye aliyewahi kurudisha nyumbani kikosi kizima kwa sababu ya kifungo kimoja cha sare.

Akampigia papo hapo. Akapokea mkewe, akasema mzee yuko kwa kinyozi na simu ameiacha mezani, akirudi atapiga. Mkaguzi akatafuta pa kuiweka simu yake, meza hakuna, akailaza juu ya ngoma ya mwanangu.

Tukangoja. Mitambo ya ubaridi ilivuma. Nje ya mlango wanakwaya walishaanza kukusanyika na vitabu vyao kwapani. Mkaguzi aliangalia saa, akatazama simu, akaangalia saa tena.

Nami nilikuwa nikipiga hesabu moja tu. Ili kunishuhudia, mzee yule angelazimika kukiri mbele ya makao makuu kwamba msichana alisimama kwenye mstari wake muhula mzima, yeye aliyeona kifungo kilichokatika, na asimwone. Mimi ningekuwa yeye ningekana. Kukana ni kazi ninayoijua vizuri. Kapteni wetu alisogea akasimama kando yangu, na nikaona ameanza kuwatazama wavulana mmoja mmoja, kama mtu anayeagana nao.

Simu ilipoita ilitetemeka juu ya ngozi ya ngoma, na ngoma nzima ikanguruma. Mwanangu aliruka. Mkaguzi akaitwaa, akafungua sauti tusikie sote, akamsalimu mzee, akamweleza kwamba kuna mama hapa Doha anayedai alipiga ngoma katika kikosi chake akijifanya kaka yake.

"Mpe simu," mzee akasema.

"Shikamoo, Kapteni."

"Marahaba. Kaka yako ni mtu wa shoto."

"Ndiyo, Kapteni."

"Jambo hilo ulilisahau. Mpigo wa kwanza uliuanza kwa mkono wa kulia. Nikakujua hapohapo, hata hatujatoka getini."

"Mbona hukusema?"

"Gwaride limeshajipanga, askofu ameshaketi. Ningempata wapi mpiga ngoma mwingine?" Akakohoa. "Na baada ya hapo ulikuwa unakuja mapema kuliko wote. Rudisha simu kwa huyo bwana."

Mkaguzi akaisogeza simu mdomoni, akauliza kama basi aandike kwamba mzee ananishuhudia.

"Andika amepita mikononi mwangu," mzee akasema. "Na uwaambie hao vijana walegeze magoti. Nimesikia ukimya wao, wamesimama muda mrefu."