Mwezi Usioonyeshwa kwa Kidole

Enzi zetu kule Dagoretti mwezi ulikuwa na wenyewe, na wenyewe tulikuwa sisi watoto wa Mama Rukia. Leo mwezi ukiandama kila mtu anajua kabla yako, simu imeshamwambia tangu asubuhi. Wakati ule habari ya mwezi iliteremka kilimani kwa miguu, tena miguu isiyo na viatu, na aliyeileta alikuwa na haki ya kupewa kaimati ya kwanza kutoka kwenye karai, ingali ya moto, mpaka anaihamisha mkono huu na huu huku anapuliza.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka Dagoretti ya kabla ya maghorofa. Baba zetu walikuwa wametoka pwani kuja kuchinja kwenye machinjio, na baba yangu, Mzee Juma, alirudi nyumbani kila adhuhuri ananuka chumvi na ngozi, mama akimzuia mlangoni mpaka aoge. Ng'ambo ya njia walikaa Wakikuyu na mashamba yao, ng'ombe, mahindi, na ile miti ya matunda damu tuliyokuwa tukiichuma bila ruhusa. Tulicheza mpira wa kati, tulijificha kwa brikicho, tuliruka kamba mpaka vumbi likapanda hadi kwenye nyusi. Siku hizi mtoto akicheza saa nzima bila chaja, mama yake humpeleka hospitali.

Shule mimi niliiacha darasa la tatu. Lakini shule ya Mama Rukia sikuikosa hata mwezi mmoja.

Mama Rukia alikuwa mjane, muuza mbaazi na mahamri, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Marehemu mumewe alikuwa karani huko mjini, na kitu kimoja alichomwachia ni darubini, ile ya kutazamia kwa macho mawili, ila jicho moja lilikuwa limepasuka likabaki moja. Aliifunga kwenye kipande cha leso, akaitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na mkebe akauweka juu ya kabati pasipofikika. Sisi watoto tuliijua kwa kuisikia tu.

Yeye ndiye aliyetukusanya. Alisema watu wanaukumbuka mwezi ikifika kufunga na kufungua, kisha wanalala mwaka mzima. "Jicho lisilofanya kazi mwaka mzima, siku ya Idi litauona wapi?" Basi kila mwezi, siku ya ishirini na tisa ikifika, hata kama si Ramadhani wala karibu yake, tulipanda naye kilima kilichokuwa nyuma ya banda la ngozi, tukakaa tumeelekea milima ya Ngong, jua linazama. Wala si mwezi tu. Kilimia, lile kundi la nyota, ilipoonekana alitufundisha kuihesabu, akatuambia kwao wazee walilima kwa kuitazama ile. Ile nyota ya Zuhura alitufundisha kuitofautisha na taa ya mtu anayetembea, kwa sababu mwenzetu Ramadhani siku moja alitukoga na nyota mpya aliyoigundua, nayo ikashuka kilima, ikabwekewa na mbwa, ikaingia zizini kukamua.

Kila mmoja alikuja na chochote cha kula. Mama Rukia alikuwa na neno lake: "Mwezi hautazamwi na njaa. Mwenye njaa huona sahani." Tulikuwa watoto sita na majina yao bado ninayo. Hamisi na Ramadhani, wana wa Mzee Saidi mchinjaji. Tatu, aliyekuwa na mwanya. Abdi wa dukani. Mimi Mwanajuma. Na Wanjiku wa ng'ambo ya njia, binti wa Mzee Kamau, ambaye ndiye Mkristo pekee kati yetu, na ambaye nduma za mama yake ndizo zilizotupandisha kilimani hata siku za baridi ya Julai.

Sasa sheria yetu ilikuwa moja, nayo ilikuwa kali. Ukiuona mwezi, huruhusiwi kunyoosha kidole. Huruhusiwi kusema uko wapi. Unamshika mkono aliye karibu nawe, unambana mara moja, basi. Naye atafute mwenyewe mpaka aupate, ndipo naye ambane wa pili yake. Mama Rukia alisema mwezi ulioonyeshwa na mwenzako si wako, umeazima macho yake. Ikiwa wawili wameuona kila mtu kwa jicho lake, hapo ndipo wakubwa waliitwa wapande kutazama wenyewe. Ushahidi wa watoto haukuingia msikitini, hilo tulilijua. Sisi tulikuwa kengele tu. Lakini kengele isipolia nani ataamka?

Mimi nilikaa na Wanjiku daima. Nikimbana mkono yeye hunyamaza kidogo, kisha humbana Tatu. Nilidhani anauona. Wote tulidhani. Ila hata siku moja hakuwahi kuuona wa kwanza, na watoto hawakosi kuhesabu mambo kama hayo. Ndipo Hamisi, ulimi wake ulikuwa mkali kama kisu cha baba yake, akamwambia siku moja tukiteremka, "We Wanjiku, huu mwezi ni wa Waislamu. Mkristo hauoni. Unajifichaficha kwa Mkristo."

Sisi tulicheka. Wanjiku hakucheka, na mimi sikujua kwa nini. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia: alikuwa ameamini. Alijua fika kwamba hajawahi kuuona mwezi mwembamba hata mmoja, kwamba miezi yote ile alikuwa akipokea mkono wangu na kuupitisha, na sasa amepata sababu. Mwezi haumtaki.

Mwaka ule Ramadhani ilipoingia Wanjiku akaanza kufunga. Hakuambiwa na mtu. Alikuwa akifunga mpaka saa sita, harufu ya githeri ya mama yake ikimfikia anafungua. Mama yake alicheka akamwambia mama yangu juu ya ua wa michongoma, "Huyu wangu amekuwa Mwislamu wa asubuhi." Sote tuliona ni mchezo. Kumbe mtoto alikuwa akiubembeleza mwezi.

Jioni ya ishirini na tisa tulipanda. Mawingu yalikuwa yamelala juu ya Ngong kama pamba iliyochambuliwa. Chini kijijini akina mama walikuwa wamebandika mafuta, hawajui kama wanakaanga kaimati za Idi au wanasonga ugali wa daku. Wanaume walikuwa wamekaa nje ya msikiti, shingo zimeelekea kwetu.

Mara Wanjiku akasimama. "Nimeuona!"

Hakunibana mkono. Alipiga ukelele, akawa anaruka. Abdi akageuka tayari kukimbia chini kupeleka habari. Mama Rukia akamshika shati.

"Tulia. We Wanjiku mwanangu, njoo. Umeuona?"

"Nimeuona, Mama Rukia."

"Pembe zake zimeelekea wapi?"

Wanjiku akafikiri. Kisha akainua mkono, akaukunja, akachora hewani mwezi uliosimama wima, pembe zimeelekea kando, kama ule wa bati ulio juu ya msikiti wetu.

Hamisi akaanguka chini kwa kicheko. Kwa sababu kila aliyeuona mwezi mchanga huku kwetu anajua haukai hivyo. Huku mwezi mchanga hulala chali, pembe zote mbili juu, kama bakuli linalongoja uji. Ule uliosimama ni wa bati. Wanjiku alikuwa ameuchora mwezi pekee aliowahi kuuona kwa karibu.

"Si nilisema?" Hamisi alisema. "Si nilisema Mkristo hauoni?"

Wanjiku alishika njia ya kuteremka. Hakukimbia, na hilo ndilo lililoniuma, alitembea kama mtu aliyefukuzwa kwao. Mama Rukia akamwita. Akamwita tena. Kisha akamgeukia Hamisi, akasema taratibu, na mimi sikuwahi kumsikia akisema taratibu, "Hamisi, mwezi haujui hata kwamba wewe uko duniani."

Alimfuata Wanjiku mwenyewe, akamrudisha amemfunika kwa upande wa leso yake. Akamketisha mbele. Akatoa ule mkebe wa juu ya kabati, kumbe jioni ile alikuwa amekuja nao. Sisi tulisogea wote, maana tangu tuzaliwe hatujaiona darubini ile ikiguswa na mtoto. Akamwekea jichoni lile jicho zima, akaanza kuzungusha kigurudumu chake kidogokidogo.

"Hapo?"

"Hapana."

"Hapo?"

"Hapana."

Akazungusha mpaka karibu mwisho, mahali ambapo mimi baadaye nilipotazama niliona ukungu mtupu. Wanjiku akashtuka. Lakini hakuwa ameelekea Ngong, darubini ilikuwa imemponyoka ikaelekea chini, kwao.

"Yule ni mama," akasema. "Anacheka."

Tukatazama. Kweli mama yake alikuwa nje ya zizi, anazungumza na jirani, anacheka. Sote tulimwona kwa macho matupu, hatukuona ajabu. Ila Wanjiku alisema tena, polepole, "Mama anacheka. Kumbe mtu akiwa mbali bado ana uso."

Mama Rukia akaacha kuzungusha kigurudumu. Akamtazama mtoto, akatutazama sisi, akaketi kwenye nyasi karibu naye. Hapo ndipo alipojua, na sisi baadaye kidogo, kwamba haikuwa dini. Yalikuwa macho. Mtoto wa watu alikuwa ameishi miaka yote hiyo kwenye ukungu, akidhani wote tumo humo humo, ila sisi tunapendwa zaidi.

Wingu likafunguka kidogo juu ya Ngong. Mama Rukia lazima aliuona wa kwanza, kwa sababu alimshika Wanjiku begani akambana mara moja. Wala hakuigusa darubini wala kumgeuza shingo. Wanjiku akaanza kutafuta. Akaenda kushoto, akarudi, akapita, akarudi tena. Mimi nilikuwa nimeshauona, nikajiuma mdomo. Hamisi naye alikuwa ameuona, na namshukuru mpaka leo, alikalia mikono yake yote miwili.

Kisha Wanjiku akasema, kwa sauti ndogo, "Umelala."

"Umelala vipi, mwanangu?"

"Umelala chali. Pembe ziko juu."

Mama Rukia akasema, "Haya. Nenda kawaambie."

Akateremka mbio, akaanguka mara ngapi sijui, akafika mbele ya msikiti amechubuka magoti, Wanjiku wa Mzee Kamau, anapiga kelele mwezi umeandama. Wazee wakapanda wakauona. Kaimati ya kwanza alikula yeye. Idi mosi Mama Rukia, na nguo zake mpya, alikwenda kwa Mzee Kamau akamwambia, "Huyu binti haoni mbali." Wakampeleka kwa daktari, akarudi na miwani iliyofungwa nyuma kwa uzi. Hamisi ndiye aliyekuwa akiusokota ule uzi ukikatika.

Mama Rukia tulimzika zamani. Hamisi na Ramadhani wametangulia, Tatu alihamia kwa wanawe Mombasa, Abdi sina habari zake. Kilima kimepandwa nyumba za kupanga. Tumebaki mimi na Wanjiku, mimi hapa Riruta, yeye kule Dagoretti Corner, na siku za mwezi kuandama bado tunatafutana.

Mjukuu wangu Zamzam amejiunga na chama cha vijana wanaotazama nyota. Wana darubini ndefu kama mpini wa jembe, yenye miguu mitatu. Juzi, jioni ya mwezi kuandama, walikuja kuiweka juu ya paa la ghorofa yetu, wakatualika sisi wazee, mimi na Wanjiku, wakatupangia viti vya plastiki, wakaleta chai na sambusa. Angalau hilo la kula wamelishika. Ila hawatafuti kitu. Wanainua simu, simu inawaambia hiki ni hiki na kile ni kile, wanapiga picha, wanageuka. Niliwauliza kama wamewahi kuketi jioni nzima wakakosa kuuona mwezi. Wakaniangalia kama niliyeuliza kama wamewahi kupanda punda.

Mimi nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. Wanjiku yake alifanyiwa upasuaji, sasa anaona kuliko wote, na huo uzee wake. Waliniinamisha kwenye darubini yao nikaona weupe tu, kama uji uliomwagika. Nikarudi kwenye kiti. Kijana mmoja wa chama, mpole, wanamwita Brayo, akaja akachutama karibu yangu. Bibi kwao ni shosh au cucu.

"Shosh, iko hapo tu. Cheki kidole yangu. Juu ya hiyo tangi ya maji."

"Toa kidole," Wanjiku akamwambia.

"Ni vile haoni, cucu. Namsaidia tu."

"Najua haoni. Mwache atafute."

Akavuta kiti chake, akaushika mkono wangu. Tukakaa. Kwa mbali nilisikia magari ya Naivasha Road. Kisha akanibana, mara moja.

Nikatafuta. Nilienda kushoto, nikarudi. Ukungu, mataa, ukungu. Akaningoja sana, na hao vijana nao wakazishusha simu zao, sijui waliambiwa au waliona aibu.

"Pembe?" akaniuliza.

Na jibu nilikuwa nalo. Nimekuwa nalo tangu nikiwa binti mdogo, hata nikifungwa kitambaa usoni naweza kulisema. Ningelisema, Zamzam angefurahi, vijana wangepiga makofi, tungekunywa chai.

"Sijauona," nikamwambia.

"Haya," Wanjiku akasema. "Tungoje."

Mwezi ulitua nyuma ya tangi la maji bila mimi kuuona, na yeye hakuuachia mkono wangu. Zamzam ameahidi kunipeleka kwa daktari wa macho kabla ya Ramadhani, tutaona. Vijana wetu wana vioo ambavyo Mama Rukia hakuviota, na wanavyoviona hatukuviona. Siwaonei wivu. Ninachowaonea huruma ni kimoja tu: kila kitu wanaonyeshwa. Sisi hatukuonyeshwa chochote. Tulishikwa mkono, tukangojewa.