Waziri Aliyeomba Ruhusa ya Kuingia Msituni

Habari za kifo chake zilinikuta Garsen, kwenye kibanda cha chai karibu na stendi, redio ikiwa juu kabisa. Ni waziri wa zamani, mtu ambaye kwa miaka mingi alisimamia ardhi za umma na wanyamapori wa nchi hii. Jina lake nitaliacha, waliomfahamu watamtambua. Mfugaji mmoja Muorma aliyeketi mbele yangu aliweka kikombe chini. "Huyo ndiye aliyetuachia malisho," akasema, kisha akatoka nje kuwaambia wenzake.

Alisema kweli. Kuna wakati wenye mitaji walitaka delta ya Tana karibu yote ilimwe miwa, na waziri akaja kuitisha baraza. Wafugaji wa kutoka Madogo na Chewele, ambao kiangazi kikizidi huteremsha ng'ombe wao hadi huku, walikaa upande mmoja. Wakulima wa mpunga upande wa pili, bila kutazamana. Ofisa aliyefuatana naye akamnong'oneza kwamba wakubwa wameshakubali. Waziri akamjibu kwenye kipaza sauti, sote tukasikia: "Kama wameshakubali, waje watie sahihi wenyewe. Mimi ardhi ya umma sigawi." Haukupita muda mrefu akapoteza uwaziri. Delta ikabaki, na viboko wake, na ndege wake, na ng'ombe wa watu. Hizo ndizo sifa mtakazozisikia wiki hii, na zote anazistahili.

Lakini yeye mwenyewe sifa hizo zilikuwa zikimkera. Alipokwisha kustaafu alinipigia simu, maana tulifahamiana tangu baraza lile, nililoliandikia gazetini. "Nataka unipeleke kwa mama mmoja wa huko kwenu," akasema. "Nilimhamisha." Mwanzoni mwa uwaziri wake ndiye aliyetangaza kipande cha msitu wa kando ya mto kuwa hifadhi, ili mbega wekundu, ambao hawapatikani kwingine popote duniani, wasije wakatoweka. Familia za Wapokomo zilizokuwa zikiishi na kulima humo zikaondolewa, naye akaziahidi kwa kinywa chake kwamba zitapewa mashamba mengine yenye hati. Mbega wakapona. Mashamba hayakuja. Tukiwa njiani alijitetea kwamba alidhani walio chini yake wanalishughulikia. Kisha akajisahihisha, akitazama barabara. "Hapana," akasema. "Sikuuliza. Niliogopa jibu."

Mama tulimkuta kijijini kwake, njia ya kwenda Ozi, akianika mpunga kwenye mkeka. Alimtambua mgeni wake papo hapo. Akatutolea viti, yeye akabaki amesimama.

"Mbega wako hawajambo?" akamuuliza.

"Hawajambo, mama."

"Alhamdulillahi. Mamangu amezikwa humo walimo wao. Nikitaka kumpalilia kaburi, naomba kibali. Siku nyingine napewa, siku nyingine naambiwa nirudi kesho. Na kwangu sasa ndipo hapa, unapaona."

Waziri akainuka kitini. Akasema, "Twende sasa hivi."

Kwenye geti la hifadhi askari hakumjua. "Mzee, bila kibali hamwingii. Ndiyo sheria," akasema kwa adabu, na sheria yenyewe aliyeipitisha alikuwa amesimama mbele yake. Waziri akatoa simu. Mama akamzuia mkono. "Usimpigie mtu. Mimi huwa sina wa kumpigia." Waziri akairudisha mfukoni, tukakaa chini kando ya banda la askari kumngoja mkuu wa hifadhi. Gari la watalii likaja, geti likafunguliwa, wakapigiwa saluti. Mama aliwapungia mkono. Waziri aliinamisha kichwa na hakukiinua mpaka vumbi likatulia.

Mkuu alifika alasiri, akaturuhusu. Kaburi lilikuwa limemezwa na majani. Mama alipoinama kuyang'oa, waziri naye akapiga magoti upande wa pili, na juu yetu mbega wakarukaruka matawini. "Mama, nisamehe," akasema. "Nilikuahidi shamba, kisha nikakusahau."

Mama hakusimamisha mikono. "Nimekusikia," akamjibu. "Kusamehe, bado. Ng'oa na hayo ya miguuni."

Tangu siku hiyo mpaka alipougua, mzee yule alizunguka kwenye ofisi alizokuwa akiziongoza zamani, akiketi kwenye benchi mpaka aitwe. Alifanikiwa katika jambo moja: familia zile sasa huingia kusafisha makaburi yao bila kibali. Mashamba hakuyapata. Kila nilipoandika juu ya ushujaa wake wa delta, alinipigia simu akinilalamikia: "Mbona ile ahadi huiandiki?"

Nilimpigia mama kumpa habari za msiba. "Mwenyezi Mungu amrehemu. Yeye alikuja," akasema. Nikamuuliza kama amemsamehe. "Nimechoka kumkasirikia, mwanangu. Lakini shamba bado nalitaka."

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Msitu ukihifadhiwa, nchi nzima hufaidika, na aliyeuhifadhi husifiwa. Wachache waliotoka humo na vyungu vyao kichwani hatuwaulizi walilala wapi. Bila wao kuondoka, huo msitu tunaojivunia usingekuwapo. Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi haiishii kwenye kutangaza mipaka. Huendelea mpaka waliohamishwa wapate walichoahidiwa. Mzee huyu alilielewa hilo akiwa hana tena mamlaka, akabaki na miguu yake tu ya kuzungukia ofisi za wengine. Walioshika nafasi yake leo wasisubiri kustaafu ndipo dhamiri iwaamshe. Wawaendee watu hao sasa, wakati sahihi yao bado ina nguvu ya kuwapa ardhi.