Siku Lipiko Alipovuliwa Uso

Yule bwana wa utamaduni sijamsamehe, na sina mpango huo. Watu huniambia alikuja kwa nia njema. Nia njema yake aende nayo huko huko.

Kwetu Mpapura vijana walipotoka jandoni, lipiko alikuja kucheza. Kinyago kichwani, nguo mwili mzima, njuga miguuni. Wanaume walituambia ni mtu aliyekufa. Sisi wanawake tulitimua mbio, ugali ukaungua jikoni, tukajibanza nyuma ya nyumba tukichungulia. Tulijua ni nani? Tulijua, mbona! Alikuwa mjomba wangu. Mkewe alimkanda goti bovu kila ngoma ilipoisha, akimuuliza alikuwa wapi, naye akijibu, “Shamba.” Kule kujua tulikuweka kando tu, kama viatu mlangoni. Hofu yenyewe ilikuwa ya kweli. Nami niliifurahia kuliko siku ya Idi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini bwana huyo akaja na miwani yake. Alitaka mjomba acheze ukumbini Mtwara mjini, mbele ya wageni. Mjomba alikubali kwa fahari, maana hakuna aliyewahi kumwita msanii. Wanawake na watoto tukapakiwa kwenye lori.

Alicheza vizuri sana. Sisi tulikaa kwenye viti kama tunasubiri daktari. Ungekimbilia wapi mle ndani? Ngoma ilipokwisha, bwana akapanda jukwaani, akashika kipaza sauti.

“Sasa tumwone msanii wetu mwenyewe!”

Akakivua kinyago kwa mikono yake, bila hata kuomba. Mjomba akabaki anapepesa macho, jasho linamchuruzika, mzee wa watu. Ukumbi ukapiga makofi. Makofi! Ningekuwa na jiwe ningewarushia. Mkewe alijifunika khanga usoni njia nzima ya kurudi. Bwana alisema tumeielewa sanaa yetu. Mjinga. Nani alimwambia tulikuwa hatuielewi?

Jando lililofuata mjomba alitoka tena. Nadhani alitaka kujua kama bado tutakimbia, na mimi nilitaka hivyo hivyo. Ngoma zikalia, akaturukia uani, nikapiga kelele nikakimbia, wallahi, na wenzangu nyuma yangu. Nilifurahi mno.

Kisha nikageuka. Binti yangu mdogo, niliyempeleka ukumbini siku ile, alikuwa bado amesimama mbele yake. Ni mtoto niliyemlea kwa adabu. Akapiga goti.

“Shikamoo, babu.”

Wapigaji wakaacha ngoma. Lipiko hasemi kamwe, maiti hana sauti. Lakini kwetu shikamoo ya mtoto haiachwi bila jibu, na mjomba alikuwa mtu wa kwetu. Sauti yake ikatoka ndani ya kile kinyago, ndogo, imechoka.

“Marahaba, mjukuu wangu.”